Wazee wape chaki, ramani baadaye

Juzi kijana mmoja wa Pemba kaniandikia: "Dada, nimeingizwa kwenye mradi wa nyumba za serikali, nikusanye maoni ya wazee. Kila nikiwauliza wananijibu sawa tu mwanangu. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, hiyo "sawa" naijua. Nami niliwahi kuifurahia.

Bibi yangu aliishi Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne. Majumba yale yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na watu wa Ng'ambo waliozoea baraza mlangoni wakapandishwa juu. Lifti hamna. Magoti yalipomkatalia, bibi akawa anateremka kwa hospitali na misiba tu. Basi nilipopata mradi wangu wa kwanza wa kuchora nyumba nikajiona wazee nawajua. Nikabandika ramani ukutani skuli, nikaeleza saa nzima, wakasema sawa, nikafunga daftari.

Bi mkubwa mmoja akanifuata nje. "Mwanangu, ile karatasi sikuielewa. Nionyeshe hilo jiko nisimame ndani yake."

Nikalichora uwanjani kwa chaki, vipimo vyake halisi. Akaingia kwa mlango niliouacha, akajishusha taratibu kama anayekalia mbuzi akune nazi. Magoti yakavuka mstari, yakawa sebuleni. Wenzake wakasogea. Hapo ndipo midomo ilipofunguka: choo, vidato vya ngazi, na jeneza litapinda vipi pale kwenye kona. Miaka yote ya masomo sikuwahi kuwaza jeneza!

Kwa hiyo chora chini, waingie wenyewe. Wafuate barazani alasiri, usiwaite ofisini. Kina mama wasikilize peke yao. Pitia kwa sheha, kiongozi wa mtaa wao: tangu 2016 waliofika miaka 70 Zanzibar wanapata pensheni jamii, naye anawajua hata wasiotoka ndani. Kisha rudi, uwaonyeshe ulichobadilisha. Tena rudi. Ukienda mara moja umewatumia tu.

Na walichokitaka kiingize kwenye makadirio ya mwanzo kabisa. Jiko letu lilipanuliwa, nalo najivunia. Baraza za chini zilifutwa dakika za mwisho, nikaambiwa fedha hazitoshi, na mimi nilinyamaza. Inaniuma hadi leo. Nikipita pale baada ya alasiri namkuta bi mkubwa yule kwenye ukingo wa mtaro, kanga kaikunja nne kaikalia.