Samaki yule yule, leo upele, kesho salama

Swali: Daktari, mara nyingine nikila jodari, haipiti nusu saa uso unapata moto na mabaka yanayowasha yananitoka shingoni na kifuani. Siku nyingine namla na sioni lolote. Juzi mke wangu naye alitokwa, na hajawahi kuwa na aleji. Niache samaki maisha?

Jibu: Maisha, hapana. Ila msimamishe kwanza hadi upimwe.

Kilichonigutusha ni hapo kwa mkeo. Mzio ni wa mtu na mwili wake. Wawili waliokula chungu kimoja wakianza kujikuna pamoja, mimi humshuku samaki kabla ya ngozi zao.

Nyama ya jodari ina histidini nyingi, mojawapo ya viungo vya asili vya protini. Akishavuliwa akakaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wenyewe humwaga mtu anapopata mzio. Ndiyo maana dalili hufanana kiasi cha kutuchanganya hata sisi. Histamini ikishaingia kwenye samaki, haitoki kwa kukaanga wala kugandisha, na samaki huenda asinuke kabisa. Baadhi ya watu husikia ulimi ukichoma kama wamelamba pilipili. Ukisikia hivyo, tema.

Mzio halisi wa samaki kwa kawaida haubahatishi, hata kipande kidogo huuamsha. Lakini wapo ambao huwatokea pale tu wanapofanya mazoezi baada ya kula, au wakimeza dawa ya maumivu kama asprini. Kwa hiyo andika: samaki alikaa nje ya barafu muda gani, nani mwingine alikula, mlianza kuwashwa baada ya dakika ngapi, ulimeza dawa gani. Mabaka yapige picha, maana baka moja mara nyingi halimalizi saa 24. Ukifika kliniki utanionyesha ngozi safi.

Kipimo cha mzio cha kudunga ngozi kidogo kwa sindano kipo, ila setirizini, dawa ya kutuliza mzio, na dawa za jamii yake huharibu majibu, hivyo uliza uziache siku ngapi kabla. Nacho kikisoma chanya peke yake hakitoshi. Nitakisoma pamoja na daftari lako.

Ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, kifua kikibana au ukasikia kizunguzungu, usikae kusubiri vidonge vifanye kazi. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali ukachomwe adrenalini.