Injini ya mfano inawaka mara moja, kisha inasimama

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetengeneza mfano wa injini ya petroli iliyotumika zamani katika mashamba ya Marekani, yenye silinda moja na magurudumu mawili mazito, ile inayowaka mara moja kisha ikazunguka bure kabla ya kuwaka tena. Kila kipimo nimekigawa kwa 4, hivyo silinda ya milimita 100 imekuwa ya milimita 25. Nikiziba mdomo wa kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kwa kidole na kuizungusha, inawaka kwa nguvu mara moja, inazunguka bure, kisha inasimama. Cheche ipo na kompresheni ni nzuri. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, ukerezaji wako hauna kosa. Tatizo ni kwamba hewa na petroli hazipungui kwa kipimo kimoja na chuma. Mfano wako ukizunguka kwa kasi ileile ya injini kubwa, hewa hupita kwenye koo la kabureta, yaani njia yake nyembamba ya hewa, kwa robo tu ya mwendo wake wa asili, na kwa kuwa nguvu ya kufyonza hufuata mraba wa mwendo huo, inabaki 1/16. Lakini kimo ambacho petroli inapaswa kupanda kutoka kwenye tangi la chini kimepungua hadi robo tu. Kidole chako ndicho kinachofidia upungufu huo.

Kuna jambo la pili, na ndilo ninalolishuku zaidi. Katika injini za aina hii, kama zile za Galloway zilizotengenezwa Waterloo, Iowa, kasi ikizidi, gavana, yaani kifaa kinachodhibiti kasi, huiacha valvu ya eksozi (ya kutolea moshi) ikiwa wazi, pistoni ikapumua kupitia hapo, na valvu ya kuingizia, ambayo hufunguka kwa kufyonzwa tu, ikabaki imefungwa. Wakati huo wote hakuna kinachovuta petroli, nayo hurudi tangini iwapo gololi ya kuizuia kwenye bomba haikukaa sawasawa.

Anza na gololi hiyo. Iweke juu ya kiti chake cha shaba, igonge taratibu mara moja ili kiti kipate umbo lake, kisha itupe na uweke mpya. Pandisha usawa wa petroli hadi milimita chache chini ya tundu la sindano, ambapo petroli hutokea kuingia kwenye koo, usiupitishe hapo, kwa maana itafurika. Ndani ya koo ingiza bushi (kipande kifupi cha bomba) ya kulipunguza upana kidogo kidogo. Haionekani kwa nje, kwa hiyo sura ya injini ya asili haiharibiki, jambo ambalo najua linakugusa kama linavyonigusa mimi.

Tumia bomba linaloonesha ndani wakati wa majaribio. Ikiwa petroli inabaki karibu na tundu injini inapozunguka bure, na bado haiwaki tena, badilisha springi ya valvu ya kuingizia uweke laini zaidi, inayobonyea kwa mguso mwepesi wa kidole.