Siku 8 za Everest hazitoshi

Ndugu, umeuliza kama siku 8 zinatosha kutoka Lukla, mji mdogo wa Nepal wenye uwanja wa ndege, hadi kambi ya chini ya mlima Everest na kurudi. Hapana, labda ujitafutie balaa. Lukla ipo takriban mita 2,860, kambi mita 5,364, na huko juu kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Chagua kiongozi anayekulaza usiku wa ziada Namche, kisha Dingboche, vijiji vya njiani, ili mwili uzoee hewa nyepesi: mchana mnapanda kilima, jioni mnashuka kulala. Weka na siku za akiba, ndege za Lukla huahirishwa kwa ukungu. Kuyumba kama mlevi huko juu ni dalili ya hatari ya ugonjwa wa kimo, basi muulize kiongozi mapema: nikianza kuyumba hivyo, nani ananishusha usiku huohuo? Akibabaika, tafuta mwingine.