Gari la Chini Halipandi Rampu ya Kila Mtu

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia wiki hii. Ana Toyota Celica aliyoishusha kwa springi fupi, na amepata mtu anayeuza rampu za chuma, zile za kupandishia magurudumu ya mbele ili uingie chini umwage oili. Muuzaji kamwambia kila moja inabeba tani mbili. "Kaka, nichukue?"

Usichukue kwanza, mdogo wangu. Celica haifiki hata tani moja na nusu, na kwenye rampu unapandisha upande wa mbele tu. Uzito si tatizo lako. Tatizo lako ni bampa.

Sisi wenye magari ya chini tunajuana. Tunavuka matuta kwa mshazari, tunakataa mwaliko wa harusi tukisikia barabara ya ukumbini ni ya vumbi. Na sote tuna hamu ile ile: kulihudumia gari kwa mikono yetu, bila mtu mwingine kuligusa. Mimi hamu hiyo ilianza kwa hasira. Nilipeleka Mazda Roadster yangu kwenye gereji moja hapa Dar, sitaitaja, kumwaga oili tu. Gari hili lina sehemu zake za kuwekea jeki kwenye ukingo wa bati chini ya milango, na zimewekewa alama ya vijikato viwili viwili. Kijana akachomeka jeki katikati ya ukingo, mahali popote palipomkalia vizuri, bati likajikunja. Nilipolalamika, mwenye gereji akaniangalia usoni bila kupepesa: "Bosi, si ulikuja nalo hivi hivi?" Mafundi wakacheka. Bati lilinyooshwa na mtu mwingine baadaye. Kile kicheko bado ninacho.

Tangu hapo nikaapa gari langu halitainuliwa na mtu asiyelijua. Nikaanza kutafuta rampu, na nikagundua kwamba rampu nyingi zinazouzwa mjini zimetengenezwa kwa ajili ya akina Hilux. Hapo ndipo futi ya kupimia ilipoingia.

Unahitaji vipimo viwili. Cha kwanza ni kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bampa. Usipime katikati ya pua ya gari. Pima pale palipo mstari mmoja na tairi, maana ndipo rampu itakapolala. Kwangu ni sentimita 13. Cha pili ni kutoka pale tairi linapogusa ardhi, kwenda mbele, hadi usawa wa ukingo huo huo. Kwangu ni 75. Gawanya 75 kwa 13, unapata karibu 5.8. Maana yake, kwa kila sentimita moja rampu inayopanda, inabidi iende mbele karibu sentimita sita. Pungufu ya hapo, bampa litafika kwenye rampu kabla ya tairi kuanza kupanda.

Sasa chukua rampu ya chuma yenye kimo cha sentimita 22 na mteremko unaoenda mbele sentimita 66. Gawanya: 3. Haina mjadala. Hata ikiandikwa inabeba tani kumi, kwako wewe ni chuma chakavu. Wamarekani wanazo rampu ndefu za povu gumu, mahususi kwa magari ya chini, kama za Race Ramps, ambazo mwinuko wake ni kama nyuzi 11. Ni nzuri na ni nyepesi, lakini gari langu kwa vipimo hivyo linavumilia kama nyuzi 10, kwa hiyo hata hizo ningezipima kwanza kabla ya kulipia nauli ya mzigo.

Nikaamua kutengeneza za mbao. Shemeji yangu alinicheka sana hapa (siku hizi kila mtu ananicheka, nimeshazoea). Nilinunua mbao za paina za Mafinga, inchi 2 kwa 10, nikampelekea seremala wa Keko. Tabaka tatu zilizolala moja juu ya nyingine, zikilingana upande wa mwisho: la chini sentimita 130, la kati 90, la juu 50, zimeungwa kwa gundi na skrubu ndefu. Ubao wenye fundo kubwa au ufa nilimrudishia muuzaji, naye hakufurahi. Mwisho wa rampu kuna kipande cha 2 kwa 4 kilicholazwa, ili tairi likikigusa ujue umefika. Ubao una upana wa kama sentimita 25 na tairi zangu ni za 205, yaani upana wa milimita 205, kwa hiyo linakaa lote juu na nafasi inabaki. Wenye tairi za 245 watafute ubao mpana zaidi. Na ukinunua rampu yenye kingo za pembeni, pima upana wa ndani, kwa sababu kingo hizo ndizo zinazokwangua rimu.

Kwa nini hatua ziachane kwa sentimita 40? Hatua ya tatu ina kimo cha sentimita 15, na bampa langu liko 13. Lakini hatua hiyo inaanza sentimita 80 kutoka mwanzo wa rampu, na bampa limetangulia tairi kwa 75 tu. Kabla bampa halijaifikia, tairi limeshapanda hatua ya kwanza na bampa limepanda hadi 18 au zaidi. Mimi si mhandisi. Ni hesabu za darasa la saba, na Jumapili iliyopita gari limepanda hatua zote tatu bila bampa kugusa hata unyuzi wa mbao. Shemeji yule yule aliomba apigwe picha nalo. Nikampiga.

Kupandisha kwenyewe kuna mambo yake. Sakafu iwe ngumu na bapa. Mchanga, udongo na pavingi zilizolegea sahau. Rampu zote mbili zikae sambamba, usukani umenyooka. Roadster inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo tairi za mbele zinaweza kuisukuma rampu kwenda mbele badala ya kuipanda, hasa kwenye saruji laini. Celica nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele: ukikanyaga mafuta kwa pupa, tairi linazunguka na kuitupa rampu nyuma, chini ya gari. Dawa ni ile ile kwa wote. Tandika mpira mnene chini ya rampu, uurefushe hadi tairi lenyewe lisimame juu yake kabla ya kuanza kupanda. Uzito wa gari ndio unaoushikilia mpira. Panda polepole, mguu karibu na breki. Anayekuelekeza asimame pembeni. Mke wangu ndiye mwongozaji wangu, na nimemkataza kabisa kusimama mbele ya gari, hata akisema haoni vizuri.

Ukishafika juu: gia ya kwanza au P, handbreki, zima, chomoa ufunguo. Weka kabari nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na mbele yake pia. Kisha lisukume gari kwa bega kutoka ubavuni, kwa nguvu, kabla hujaingiza hata mkono. Likicheza, lishushe uanze upya. Kabla hujaliteremsha, ondoa kabari na vifaa vyote, na hakikisha hakuna mtoto nyuma.

Na hapa niseme wazi hata kama mtanuna. Jeki peke yake si ya kuingilia chini. Jeki ni ya kuinulia. Mtu anaingia chini ya gari lililokaa juu ya rampu au juu ya stendi zake za chuma. Tofali la saruji, lile lenye matundu, usiliweke kabisa. Linavumilia ukuta siku zote, lakini likibanwa sehemu moja na chuma linapasuka ghafla, halikupi hata mlio wa kukutahadharisha. Nimeona vijana wamelala chini ya Toyota Altezza iliyowekwa juu ya tofali mbili na kipande cha mbao, simu inapiga muziki kifuani. Wana mama zao hao. Tunatoa fedha nyingi kwa springi, rimu na bodikiti, halafu kitu kinachotenganisha kifua chako na injini unakiokota barabarani! Acheni. Kama fedha ya rampu haipo, oili isubiri mwezi mmoja.

Msije mkadhani rampu inatosha kwa kila kazi. Tairi likiwa limeikalia huwezi kulifungua, kwa hiyo kazi ya breki inataka jeki na stendi. Hapo mbao bado zinasaidia, maana gari likipanda hatua ya kwanza tu, jeki ya kawaida inaingia chini yake. Sentimita 15 zangu zinatosha mtu mwembamba. Mimi na tumbo langu la wali wa nazi naingia kwa ubavu. Oili ya injini inamwagika vizuri pua ikiwa juu kama nati ya kumwagia iko upande wa nyuma wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikiwa mbele, kiasi kinabaki ndani. Kijiti cha oili usikiamini hadi ushuke kwenye sehemu bapa na oili itulie.

Oili ya gia na ya difu (gia za ekseli ya nyuma) ni habari nyingine. Hizo zinajazwa hadi zianze kutiririka kwenye tundu la kujazia, na kipimo hicho ni sahihi gari likiwa limelala sawa tu. Pua ikiwa juu utajaza pungufu au kupita kiasi, kutegemea tundu liko wapi. Zinatakiwa rampu nne. Jozi ya nyuma bado iko Keko. Kila nikimpigia simu seremala, ananiambia gundi haijakauka.