Maswali na Majibu: Mpanda farasi asiye na kichwa na muhtasari unaomuua mara ya pili

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha Kiingereza darasa la nane hapa Ohio, Marekani. Kila Oktoba shule yetu inataka tusome The Legend of Sleepy Hollow ya Washington Irving. Wanafunzi wangu kadhaa wametoka Kongo na nyumbani wanaongea Kiswahili. Wakifika ukurasa wa tatu wamechoka, maana maelezo ni marefu na mzimu haujatokea. Walimu wenzangu wananiambia niwape muhtasari wa intaneti, niwaonyeshe filamu, tumalize kwa siku mbili. Zaidi ya hayo, mzazi mmoja ameniandikia kwamba hataki mwanawe afundishwe mambo ya mashetani. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, swali hili hunifikia kila msimu wa vuli, na halikosi kuja na ushauri huohuo wa muhtasari na filamu. Naanza na ushauri huo kwa sababu ndio unaoharibu kazi yako. Hao watoto hawana tatizo lolote.

Fungua muhtasari wowote kati ya hiyo inayosambazwa. Kabla hujamaliza aya ya kwanza utaambiwa kwamba Brom Bones, kijana mbabe wa kijiji, alijigeuza mzimu, akamtimua mwalimu Ichabod Crane, akamwoa Katrina Van Tassel. Mtoto aliyesoma hivyo ana sababu gani tena ya kufungua hadithi yenyewe? Tena Irving hakuandika hivyo. Tafuta mwanzo hadi mwisho, huoni sentensi inayosema aliyekuwa juu ya farasi yule ni Brom. Unachokuta ni kofia ya Ichabod iliyookotwa asubuhi, boga lililopasuka kando yake, na bwana harusi Brom ambaye kila boga likitajwa anaangua kicheko, hata watu wakahisi anajua zaidi ya anayoyasema. Kisha unamkuta mkulima mzee aliyerudi kutoka New York na habari kwamba Ichabod yu hai: alihama kwa hofu na kwa aibu ya kukataliwa, akasomea sheria, akaingia siasa, akaandika magazetini, mwisho akawa hakimu wa mahakama ndogo. Na wapo bibi vizee wa kijijini, ambao mwandishi anawaita waamuzi bora wa mambo kama haya, wanaoshikilia kwamba mwalimu alichukuliwa na mzuka. Hayo ndiyo maelezo matatu aliyotuachia. Hakutuamulia, na kazi ya darasa lako ni kuyapima.

Filamu inapotosha kwa njia nyingine. Ile ya mwaka 1999 imemfanya Ichabod mpelelezi na kumwaga vichwa vya watu kila mahali. Mtoto aliyeiona anafungua kitabu akitafuta damu, na damu haipo. Katika hadithi ya Irving aliyepoteza kichwa ni mmoja tu, yule askari wa Hesse, Ujerumani, ambaye mzuka wake ndiye mpanda farasi, na alikipoteza kwa risasi ya mzinga wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, miaka kadhaa kabla ya Ichabod kuja kufundisha katika bonde la Sleepy Hollow. Halloween nayo haitajwi popote. Ni majira ya vuli, mashamba yamejaa mavuno, na boga ni boga tu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lilichongwa macho na meno. Hayo yaliongezwa na watu wengine baadaye.

Sasa darasani. Usianze na ukurasa wa kwanza kama wanakukimbia hapo. Anza na karamu nyumbani kwa mzee Baltus Van Tassel, baba yake Katrina, pale wageni wanapokaa kusimuliana habari za mizuka. Mzee Brouwer anasema alikutana na mpanda farasi, akapakiwa nyuma yake, wakaenda mbio hadi darajani, na hapo mzuka ukageuka mifupa mitupu, ukamtupa kijitoni na kuruka juu ya miti kwa radi. Brom anadakia na kisa chake: yeye alishindana naye mbio kwa dau la bakuli la pombe, na angeshinda, ila walipofika daraja la kanisa mzuka ukatoweka katika mwako wa moto. Wasome hapo, kisha waruke hadi usiku wa kufukuzwa. Ichabod anaona daraja mbele, anakumbuka mahali ambapo mshindani wa Brom alitoweka, anajiambia kwamba akilifikia tu amepona. Analivuka, anageuka kutazama, na anamwona mpanda farasi amesimama juu ya vikuku vya tandiko anamrushia kichwa.

Waulize: hiyo kanuni ya daraja Ichabod aliitoa wapi? Wape muda na usiwasaidie. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ataweka kidole kwenye mstari na kukuambia kwamba mtu aliyesisitiza habari ya daraja ndiye mpinzani wake katika kumposa Katrina. Kutoka hapo watarudi nyuma wenyewe kutafuta ushahidi zaidi, na wataukuta: Brom na kundi lake waliziba bomba la moshi la shule hadi moshi ukawajaa, na Brom alimfundisha mbwa kulia kwa njia ya kuchekesha, akamleta kwa Katrina ati ndiye mwalimu mpya wa uimbaji ashindane na Ichabod. Mwingine darasani atakupinga, aseme mzee Brouwer naye alitaja daraja na hakuwa na ugomvi na mtu. Ni hoja nzuri. Waache wabishane, mradi kila mmoja aonyeshe mstari wake.

Yale maelezo marefu yanayowachosha, punguza maelezo ya bonde ukipenda, wasomee mwenyewe kwa sauti. Ila shamba la Van Tassel usiliguse. Ichabod anatazama nguruwe na bata akiwaona tayari wameokwa mezani. Anaendelea kuota: auze mashamba yote, anunue ardhi pori, apakie Katrina na watoto kwenye gari la farasi waelekee Kentucky au Tennessee. Waulize wanafunzi anampenda binti au anapenda mali ya baba yake. Na usiku ule, alipobaki na Katrina mwisho wa karamu, walisema nini? Msimulizi anakiri hajui. Anachojua ni kwamba mwalimu alitoka pale uso umemshuka. Huyo ndiye mtu anayepanda farasi wa kuazima usiku wa manane, kichwa kimejaa hadithi za uchawi za Cotton Mather, mchungaji wa zamani wa Marekani, alizozoea kusoma jioni hadi giza limfunike, na njiani kuna mti wa Meja André. John André alikuwa ofisa wa Uingereza, alikamatwa kweli hapo Tarrytown, karibu na bonde lile, mwaka 1780 na kunyongwa kama jasusi. Wahesse nao walikuwa wa kweli: Uingereza ilikodi takribani askari 30,000 wa Kijerumani kupigana na Wamarekani. Mizuka ya bonde lile imetoka kwenye vita ambavyo wazee wa kijiji waliviona kwa macho yao, kwa kuwa hadithi imewekwa karibu mwaka 1790.

Kwa mzazi, usibishane naye kuhusu dini. Mwite, mwonyeshe maandishi, mweleze kwamba hakuna anayeitwa wala kuabudiwa humo, na kwamba mnasoma jinsi watu wanavyoamini walichosikia. Akikataa, mpe mtoto kazi nyingine bila kumwaibisha. Wale watoto wa Kongo waombe walete kisa cha mzuka walichosikia kwa bibi au shangazi, kisha wakiulize maswali yaleyale: nani anasimulia, alimsikia nani, nani alikuwepo? Wataelewa Irving kwa haraka ambayo wenzao wataishangaa.

Linaloniudhi zaidi ya yote ni kile kisanduku cha "ujumbe wa hadithi" kwenye miongozo inayouzwa: usiwe na tamaa, usiamini ushirikina, basi, mtoto akariri ajibu mtihani. Irving alishawajibu watu hao zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Hadithi hii, iliyotoka mwaka 1820 ndani ya The Sketch Book, ina nyongeza mwishoni ambapo bwana mmoja mkavu anamuuliza msimulizi hadithi inafundisha nini na inathibitisha nini. Anajibiwa kwa hoja ya ovyo inayohitimisha kwamba mwalimu wa kijijini kukataliwa na binti tajiri wa Kiholanzi ni hatua ya uhakika ya kupanda cheo serikalini. Bwana yule anapoendelea kusumbua, msimulizi anasema yeye mwenyewe haamini hata nusu yake. Tena maneno hayo yametufikia kupitia makaratasi ya marehemu Diedrich Knickerbocker, mtu wa kubuni, yaliyochapishwa na Geoffrey Crayon, naye wa kubuni. Waandishi wa miongozo wanaikata sehemu hiyo kwa sababu inabomoa kisanduku chao, kisha wananakiliana. Mwongozo ukikuambia Ichabod alikatwa kichwa, au kwamba ilikuwa usiku wa Halloween, jua aliyeuandika hakuisoma hadithi, na usimwamini hata kwenye vitabu vingine. Ni haohao wanaowauzia watoto Poe na Hawthorne, waandishi wengine wa Marekani, kwa kurasa mbili.

Siku mbili hazitoshi. Omba vipindi vitano, na kama uongozi utabana, toa filamu yote ubakize karamu, mbio za usiku na nyongeza. Kagua pia nakala za shule, kwa maana nyingine huishia pale bibi vizee wanaposimulia. Ikiwa nyongeza haimo, ichapishe mwenyewe uigawe. Andiko lote ni mali ya umma na hulipi chochote.