Republic Commando bado inachezeka? Jibu langu kwa mleta uzi wa Iringa

Mkuu mleta uzi, nimekuelewa. Uko Iringa, una laptopu ya kizamani inayogomea gemu zote mpya, kuna mshkaji kakwambia utafute Star Wars: Republic Commando ya mwaka 2005, na unauliza kama ina maana yoyote leo au ni sisi wazee tu tunasifia ujana wetu. Alafu mdau hapo juu kakujibu kua ni fupi, ni korido mwanzo mwisho, na imeisha hovyo. Naanza na huyo mdau, maana kwenye yote matatu hajadanganya hata moja, ila kaiacha gemu yenyewe nje.

Mi nipo Mbeya, Mwanjelwa, natengeneza kompyuta, na hii gemu huwa naiwasha kujaribu mashine ya mteja nikishasafisha feni na kubadilisha pesti ya kupoozea prosesa, nione kama itapata moto. Kwa hiyo watu niliowaona wameikalia ni wa kila aina, madogo wa chuo pale Iyunga, jamaa wa bodaboda wanaokimbia baridi la mwezi wa saba, kuna mzee mmoja alikuja kuchukua printa yake tu akakaa mpaka nikafunga ofisi. Kwa hiyo nachoandika hapa sio maoni yangu peke yangu, nmeyaokota kwenye benchi langu.

Kwa ambao hawaijui kabisa, wewe ni kamanda wa kikosi cha watu wanne, Delta Squad, makomandoo wa kloni, yaani askari walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja. Wewe ni namba 38, wenzako wanakuita Boss. Kuna Scorch wa mabomu mwenye rangi ya njano, Fixer wa kompyuta mwenye kijani, na Sev mdunguaji mwenye nyekundu kama damu iliyopakwa kwenye kofia. LucasArts, tawi la gemu la wenye Star Wars, ndo walitengeneza na kuitoa wenyewe, kwenye PC na ile Xbox ya kwanza, na injini yake, yaani programu iliyojengewa gemu, ni Unreal ya kizazi cha pili. Hutamkuta mtu na upanga wa mwanga anakuokoa. Ni wanajeshi tu, kazi tu.

Sasa utamu uko wapi. Uko kwenye kifungo kimoja.

Gemu nyingi za kikosi za miaka ile ukitaka kumtuma mwenzio ilibidi ufungue menyu, uchague mtu, uchague kazi, uchague sehemu, na huku unapigwa. Kuna ile Brute Force ya Xbox ya 2003, nayo ya kisayansi na watu wanne, yenyewe ilikua unaruka kutoka mtu mmoja kwenda mwingine unamwendesha mwenyewe, wazo zuri ila ukimwacha mtu nyuma akili inabaki kule. Republic Commando walifanya hivi: maagizo yamewekwa kwenye mazingira. Ukiangalia kingo ya ukuta inayofaa kudungulia, inatokea picha ya bluu ya komando kachuchumaa na bunduki ndefu, unabonyeza mara moja, mtu anaenda kukaa pale pale. Ukiangalia mlango, wanaupanga kuulipua na kuingia. Ukiangalia kompyuta, mtu anaenda kuidukua, ukiangalia bunduki ya kufungwa chini mtu anaikalia. Ukimwangalia adui ukabonyeza, wote watatu wanamgeukia huyo huyo. Basi. Pembeni kuna maagizo mengine manne ya kikosi kizima, wanifuate, washike eneo, wasafishe mbele, au waachane na walichokua wanafanya, na hayo ukiyazoea vidole vinaenda vyenyewe huongei na kiibodi tena.

Umeshawahi kuona dereva wa lori na utingo wake kwenye mlima Kitonga gari likigoma? Hakuna anayemweleza mwenzie kitu, dereva anapiga honi kidogo na jiwe lishawekwa chini ya tairi. Ndo unavyojisikia ukifika misheni ya tatu ya nne humu, unaingia chumba, jicho linazunguka mara moja, bonyeza bonyeza bonyeza, watu washakaa, na bado hata risasi ya kwanza haijatoka.

Watu wanapenda kusema oh AI yake, ile kompyuta inayowaendesha wenzako, ina akili sana, hapana bana, tusiongopeane. Ukiwaacha bila agizo watasimama katikati ya korido wanapigwa, na mmoja anaweza kukuzibia mlango kabisa ukabaki unamsukuma. Na nikwambie siri nyingine, zile taaluma zao ni za kwenye stori zaidi. Ukiagiza bomu anaweza kwenda Sev, ukiagiza udukuzi anaweza kwenda Scorch, anaenda aliye karibu na kazi inafanyika vile vile. Kuna dogo alinibishia hili akasema lazima Fixer awe bora kwenye kompyuta, nikamwambia jaribu, akajaribu, akanyamaza. Sasa unajiuliza kama hawana akili kiivyo mbona kila mtu anawakumbuka kwa majina miaka yote hii?

Nadhani ni kwa sababu ya jinsi unavyokufa. Kwenye gemu hii ukidondoka haijaisha. Unalala chini unaangalia kupitia kioo cha kofia yako, na bado una sauti ya kuamuru, unaweza ukawaita waje kukunyanyua au ukawaambia waendelee na kazi kwanza. Ukiwaita wakati kuna roboti tatu kubwa mbele, anayekuja anadondoka juu yako, anakuja wa pili naye anadondoka, na kikosi kikiisha chote ndo unarudi pale uliposevu. Kwa hiyo uhai wako uko mikononi mwao na wao uko mikononi mwako, maana na wewe ukiona mmoja yuko chini inabidi umfuate au umtume mtu. Ngao inajijaza yenyewe ila damu hairudi mpaka ufike kwenye zile mashine za bacta ukutani, dawa yao ya kuponya, na wenzako nao unaweza kuwatuma wakanywe hapo hapo. Yule mzee wa printa, Kiingereza chenyewe sio sana, alikua anawaambia kwa Kinyakyusa "ndaga fijo", asante sana, kila akinyanyuliwa. Mara ya kwanza nilicheka, baadae nikaona hapo ndo gemu imefanya kazi yake.

Na sauti. Boss kaigizwa na Temuera Morrison, yule yule aliyecheza Jango Fett kwenye filamu, ambaye kloni wote wametokana naye, ile sauti nzito isiyo na haraka. Scorch hafungi mdomo, anatania hadi katikati ya mapigano, Fixer anamkemea afuate taratibu, Sev anahesabu aliowaua. Ukielewa nusu tu ya wanachosema inatosha. Alafu kile kioo cha kofia, ukimchoma adui wa karibu kwa kisu kinachochomoka mkononi damu inaruka kwenye kioo na kuna mstari wa mwanga unapita unafuta kama waipa. Kitu kidogo sana, ila kila mtu anayekaa hapo benchi lazima aniite "kaka njoo uone".

Sehemu zenyewe ni tatu. Unaanza sayari ya Geonosis kwenye mavumbi na wadudu wenye mabawa, ni nzuri ya kujifunzia ila kati kati kuna kiwanda cha maroboti kinachosha. Ya pili ni ndani ya meli ya vita inaitwa Prosecutor, iliyopotea alafu ikapatikana iko kimya. Hii ndo karibu kila mtu anaitaja. Kikosi kinaingia kila mtu kivyake, mawasiliano yanakatika mmoja mmoja, taa zinazima, na wewe uliyezoea kubonyeza na kuletewa mtu, ghafla unabonyeza hamna mtu. Aisee. Hakuna gemu ya kutisha iliyowahi kunifanya niwakumbuke wenzangu hivyo. Ya tatu ni sayari ya Kashyyyk, kwa Wookiee, yale majitu yenye manyoya, miti mikubwa na madaraja, vita kubwa zaidi na ngumu zaidi.

Sasa tumrudie mdau. Fupi, ndio. Mtu mwenye kazi zake anaimaliza wikiendi mbili bila kujibana. Korido, ndio, hakuna pa kuzurura, unaenda mbele tu, na mtindo ule wa mashine inayotema roboti bila kuisha mpaka mmoja wenu aibandike bomu, umerudiwa mno, ukifika Kashyyyk ukiiona tena unasonya. Bunduki ya kuanzia inamaliza risasi haraka alafu zile roboti kubwa za Super Battle Droid zinakula magazini nzima zimesimama tu, wachezaji wengi wapya wanaacha hapo. Dawa yake ni kuacha kubana risasi kama unapiga ndege, tupia kwanza bomu la umeme, alafu badilisha mtutu uweke ule wa kombora, maana bunduki ni ile ile moja DC-17m ila inabadilishwa mbele kua ya kawaida, ya kudungua au ya kombora. Na ukiishiwa kabisa bastola yako inajichaji yenyewe, haiishi.

Lalamiko ambalo mdau hakulisema na mi naliona kubwa kuliko yote, hamna kucheza stori na rafiki. Kikosi cha watu wanne, imeombwa kabisa hiyo kitu, na hawakuweka. Multipleya ilikuwepo, ya kupigana nyie kwa nyie na kuibiana bendera, ya kawaida sana, tuliwahi kuiunga kwa waya kwenye kompyuta za ofisini tukarudi zetu kwenye stori.

Kuhusu mwisho, hapa kama hutaki kuharibiwa uhondo ruka hii aya. Kule Kashyyyk kikosi kinatawanywa kila mtu na mzinga wake, kazi inaisha, mnaanza kukusanyika, na Sev anakatika kwenye redio. Wenzake wanataka kumrudia, amri inatoka waondoke, Yoda mwenyewe, yule mkuu wa Jedi, anakazia, na gemu inafungwa. Hakuna majibu. Mdau anaita hovyo. Mi naelewa kwa nini walikata pale, gemu ilitoka Machi 2005 na ilikua inaelekeza kwenye filamu ya Star Wars ya mwezi Mei mwaka ule ule, na bila shaka walitaka kuendelea, ila sehemu ya pili haikuja mpaka Disney wakanunua Lucasfilm, wenye Star Wars, 2012 na mwaka uliofuata wakafunga utengenezaji wa gemu pale LucasArts. Lakini fikiria, mwisho huo unauma kwa sababu gemu nzima imekufundisha kwamba mtu akidondoka unamfuata. Kifungo ulichobonyeza tangu mwanzo ndo wamekunyima mwishoni. Wangemuua Sev mbele ya macho yako ungesahau wiki hiyo hiyo.

Na kwa nini haikuvuma kama ilivyostahili? Tazama kalenda tu, Halo 2 na Half-Life 2 zote zilitoka Novemba 2004, miezi michache kabla, nani angekua na macho ya kuangalia pembeni. Huku kwetu ndo kabisa, kila kibanda kilikua na PS2 na mpira, na hii haikutoka PS2, kwa hiyo aliyeijua ni mwenye kompyuta tu.

Haya, laptopu yako. Itabeba bila shida kama ni ya miaka kumi na kitu hii, gemu hii ilitengenezwa kwa mashine za RAM ya MB 256. Nunua ile ya PC, iko Steam na GOG, maduka ya gemu ya mtandaoni, bei ya kawaida ni kama dola 10 na huwa inashushwa mara nyingi, subiri ofa. Ya GOG ukishaishusha huhitaji intaneti tena, kwa sie wa kununua bando hilo ni jambo. Kwenye settings shusha ile bump mapping, inayofanya kuta zionekane zina mikwaruzo, iwe ya chini, mashine nyingi nilizowekea ikiwa juu inaanza kugandaganda hata kama kadi ya grafiksi ni nzuri. Pia gemu ni ya zama za skrini za mraba, kwenye skrini pana watu watakua wamevutika wanene, inabidi ufungue faili la settings uandike vipimo vya skrini yako kwa mkono au utafute marekebisho ya mashabiki, yapo mengi na ni madogo. Toleo la PS4 na Switch lililotoka 2021 nalo lipo, kazi ya kampuni ya Aspyr, multipleya wameitoa, na la Switch lilianza vibaya sana linakwama kwama mpaka wakatoa apdeti.

Chagua ugumu wa kati, sio rahisi. Kwenye rahisi unaweza kumaliza peke yako bila kumtuma mtu yeyote na utakuja hapa kusema ni gemu ya kupiga risasi tu ya kawaida. Sevu kila ukisafisha chumba, PC inakuruhusu kusevu popote, na umeme wetu unaujua. Na ukifika kwenye Prosecutor cheza usiku na spika za masikioni, ukikwama pale unapokua peke yako weka hapa hapa kwenye uzi, nitakuelekeza.