Barua kwa mwanangu: huyo mzimu wako ni wa nani?

Mwanangu, salamu nyingi toka Ujiji. Huku wazima, shangazi yako mguu umepungua kuvimba, dagaa wamepanda bei ila wapo.

Meseji yako nimeisoma na ile sehemu ya kwanza ya simulizi nimeisoma yote, kijana wa Kibirizi anaenda kuvua usiku Ziwa Tanganyika, taa ya karabai inazimika, mara anatoka mwanamke kwenye maji mwenye macho ya dhahabu na mabawa, anamshika kijana mkono na kijana anaanza kurusha moto kwenye vidole. Haya. Umeniuliza mambo mawili, kwanza eti ni dhambi au mwiko kutumia mizimu ya kwetu kwenye hadithi ambayo watu wanaisoma kwenye simu na kulipia buku, alafu pili mizimu yenyewe inafanyaje kazi maana hutaki ifanane na ya kwenye sinema. Nimeona nisikutumie voisi, ningecheka tu, acha niandike.

La dhambi nalimaliza upesi. Majini sisi Waislamu tunayo kwenye Kitabu, sura ya 72 inaitwa Al-Jinn, hakuna aliyekukataza kujua kwamba wapo. Na Shaaban Robert, mtu wa Tanga na Mwislamu kama wewe, alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952 na humo kuna Huria, jini, anawageuza ndugu wawili kuwa manyani na kumpa Adili kazi ya kuwachapa kila usiku. Kuhadithia sio kuabudu. Ungeniambia unapeleka kuku mweusi mahali ningepanda basi nikufuate huko huko Dar, lakini unaandika, basi andika.

La pili ndo lenye kazi. Huyo mwanamke wako wa mabawa ni wa nani? Nimetafuta kwenye sehemu nzima sijaona. Hana kwao, hana ndugu, hana anachotaka, katoka kwenye maji kagawa nguvu bure kaondoka, yule ni mtu wa NGO sio mzimu. Mzimu wa huku una kwao, jiwe fulani au mti fulani au mdomo wa mto fulani, ukihamishiwa mlima wa pili sio wenyewe tena. Una watu wake, ukoo huu na sio ule wa jirani. Na unadai. Bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa anatusimulia wakati tunachambua maharage na sijawahi kumsikia hata siku moja anaanza na sura ya mzimu, sijui meno yakoje, sijui kucha, yeye alianza na deni. Watu wa fulani waliahidi kitu wakakaa kimya. Walihama wakaacha kaburi halina wa kufagia. Walimpa mtoto jina la marehemu alafu mtoto mwenyewe wakamlea kwa matusi. Hapo ndo mtoto anaumwa hospitali hawaoni kitu, nyavu zinatoka tupu, ng'ombe anatupa mimba, watu wanakwenda kuangaliziwa wanaambiwa huyo ni babu yenu, anataka mtambike, na shida inakuja pale ndugu wanapoanza kugombana nani atoe mbuzi na nani hakuwepo kwenye msiba. Yaani nusu ya hadithi ni kikao cha ukoo. Na ndo nusu tamu, watoto walikuwa wanasogea karibu hapo, sio kwenye mbuzi kuchinjwa.

Kwahiyo usiniulize mzimu una nguvu gani, niulize unamdai nani na amekwepa miaka mingapi. Kijana wako akipewa moto wa vidole bila kuweka kitu rehani, msomaji wa Dar atafurahi ila wa Kigoma ataona umemdanganya. Mpe nguvu sawa, lakini iwe ni kitu kilichoachwa na babu yake ambacho babu hakukilipia.

Sasa ile karabai. Umeandika usiku wa mbalamwezi kubwa inayong'aa juu ya ziwa, imependeza, lakini mbalamwezi hakuna anayevua dagaa kwa taa mwanangu, taa haivuti mwezi ukiwa mkali, watu wako nchi kavu wanashona nyavu na kulipana madeni. Weka giza. Alafu karabai haizimiki pap kama swichi, presha inaanza kushuka, ule mlio wake unapungua, kile kimfuko cheupe cha ndani kinakuwa chekundu kidogo kidogo, mtu anapampu, kinarudi, kinafifia tena. (Wengi siku hizi wana taa za sola, ila acha karabai, inasikika.) Na dagaa wakiwa wamepanda kuifuata taa maji yote yanachemka pembeni ya kipe, ule mtumbwi wa kuvulia dagaa, ukizima wanashuka hapo hapo. Basi nakupa hii bure: taa imezima na dagaa hawajashuka. Wapo, wanazunguka juu kwenye giza. Mwandikie hivyo mvuvi yeyote wa Katonga uone kama hatasimama nywele, maana yeye anajua kama taa ya juu imezima na dagaa bado wanazunguka basi kuna taa nyingine chini. Hapo huhitaji mabawa wala macho ya dhahabu.

Na hiyo chini unaijua? Ziwa letu lina kina cha kama mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi, lakini samaki wote tunaokula wanaishi juu juu tu, ukipita mita 100 mpaka 200 hivi maji hayana oksijeni, ni meusi na kimya mpaka sakafuni. Wataalamu wanasema ni kwa sababu maji ya juu na ya chini hayachanganyiki sawasawa. Mimi nasema sawa, ila kwa mwandishi ni mtaji, zaidi ya kilomita moja ya maji ambamo hakuna samaki anayepumua, anayeweza kukaa humo ni yule asiyehitaji kupumua. Kwanini ukamlete mwanamke wa mabawa kutoka sijui wapi?

Alafu kuna lile la mwaka 2024, unakumbuka serikali ilipumzisha ziwa, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, vipe vikapandishwa ufukweni na sisi wauza dagaa tukakaa tunatazamana. Wengine walilia, ilikuwa ngumu kweli, sitaki kusema ilikuwa rahisi. Lakini wewe fikiria upande wa chini. Miezi mitatu hakuna taa hata moja juu ya vichwa vyao, walizoea, wakalala. Tarehe 16 taa zinarudi kwa mkupuo. Huo ni ugomvi tayari, na wa kweli, maana wote wana haki, mvuvi ana watoto na wa chini walishaonja usingizi. Mtu aliyevunja sheria akavua kwa kujificha katikati ya hiyo miezi, ukoo wake ndo udaiwe.

Ukitaka kupanua uwanja, Ujiji yenyewe inakutosha bila kukopa kwa watu wa nje. Misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inapita Tabora inafika hapa kabla hata Stanley hajamkuta Livingstone mwaka 1871, na watu wa Pwani walikuja na majini yao, ya ubani na marashi, yenye majina ya heshima. Wamanyema wakavuka kutoka Kongo na ya kwao. Waha walikuwepo na mizimu yao tangu hapo. Sasa nani anatawala usiku Ujiji? Jini wa Pwani anataka marashi, mzimu wa Kiha unataka pombe ya mtama, wamepangishwa mtaa mmoja, na wa tatu anavuka na boti ya Kalemie kule Kongo hana hata kibali. Mimi hapo ningelipa buku.

Na upande wa kwetu mimi, Urambo, kuna Waswezi, watu wa chama cha mizimu, nilikuwa naogopa ngoma zao usiku na simbi walizovaa, wao wana Lyangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Huyo huyo Rwanda wanamwita Ryangombe, Burundi wanamwita Kiranga. Angalia alivyozunguka nchi zote hizo na mtu mwenyewe alishakufa, na hakufa kishujaa, alipigwa na mnyama. Ila kwa Waswezi nenda taratibu, wapo hai, wana chama chao na siri zao, usijifanye umeingia chumba cha ndani. Mweke kwa mbali, isikike ngoma tu, au tunga chama chako na jina lako.

Liemba pia, hujaigusa hata kidogo nimeshangaa, wakati ulikulia unaiona bandarini. Meli iliyojengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja na makasha kwa meli mpaka Dar na kwa treni mpaka hapa, ikaungwa, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi adui asiipate, ila kabla ya kuizamisha wakapaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Yaani ilizikwa na waliomzika wakampaka mafuta kwanza, kama watu wanaotegemea atarudi! Miaka kadhaa chini ya maji. Unaniambia hakuna aliyepanda humo ndani wakati iko chini, na akagoma kushuka ilipoopolewa? Na kitu chenye majina mawili kina wadai wawili.

Sasa kuna moja sikubembelezi. Mchawi wako. Umemweka bibi kizee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, macho mekundu, na wanakijiji wanamfuata na mapanga, na hadithi inawaunga mkono. Mimi hapo niliweka simu chini. Hizi mikoa zetu za magharibi na kanda ya ziwa bibi zetu wameuawa kweli kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi, mtu amekaa miaka kwenye kuni anachemsha mawese, anakausha migebuka, unategemea yawe meupe? Yangu ni mekundu. Nenda kaangalie picha ya Idi. Na wenye ualbino wamekatwa viungo kwa maneno ya waganga, mpaka Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Anayesoma simulizi yako kwenye simu huko kijijini hajaandikiwa hapa ni ubunifu na hapa ni kweli. Mzimu andika utakavyo, mzimu hauna shingo ya kukatwa. Mchawi mtoe kwa huyo bibi mpe mtu mwingine, mpe yule tajiri wa vipe kumi mwenye miwani safi na anayetoa sadaka kila Ijumaa, utaona hadithi inavyonoga maana hakuna anayethubutu kumfuata na panga.

La mwisho umeuliza kama mzimu uongee Kiswahili au Kiha. Uongee Kiha ukiwa na hasira, Kiswahili ukiwa unadai, maana deni linataka mashahidi wasikie. Ila usitumie Kiha changu, mimi Mnyamwezi nimekijifunzia sokoni, kina makosa na baba mkubwa wako wa Kasulu akikisoma atakupigia simu kukutukana. Mtumie yeye mapema akurekebishie, na umpigie baada ya Isha, mchana simu anaiacha kwenye chaji dukani. Sehemu ya pili nitumie bure, mimi silipi buku.

Mama yako